Ngurumo Nzuri

Lifti ya jengo la mafunzo ilikuwa mbovu tangu mwezi uliopita, na chumba cha mafunzo ya moyo kilikuwa ghorofa ya tatu. Aliyepanga hivyo hakuwa na nia mbaya. Hakufikiri tu.

Siku ya pili ya mafunzo, saa mbili kasoro robo asubuhi, daktari mmoja mtarajali, aliye katika mwaka wa mazoezi baada ya chuo, alikuwa anapanda ngazi mbiombio, amekumbatia boksi la jeli ya ultrasaundi. Alikuwa binti wa miaka ishirini na sita, na wenzake walimbatiza Kwanini tangu chuoni, maana hapakuwa na somo lililopita bila yeye kunyoosha mkono na kuuliza swali hilo. Kati ya ghorofa ya kwanza na ya pili akamkuta mwanamke ameketi kwenye ngazi, mkono mmoja ameshika reli, mwingine ameuweka kifuani. Shingoni alikuwa na tepu ya kupimia nguo aliyosahau kuivua.

"Mama, unaumwa?"

Mwanamke akainua kidole kimoja, kama mtu aliye kwenye simu anayeomba asubiriwe. Akavuta pumzi mara nne, mara tano, ndipo maneno yakatoka.

"Naenda juu. Kwenye mafunzo yenu. Mimi ndiye mgonjwa wenu." Akacheka kidogo, na kicheko kikamkatisha pumzi tena. "Usihofu daktari, nimezoea. Huu ni mwaka wa nne. Mwaka wa kwanza nilipanda moja kwa moja mpaka juu, sikusimama. Mwaka jana nilipumzika mara mbili. Leo hii ni mara ya tatu na bado sijafika."

Kwanini akaweka boksi chini, akakaa kando yake.

"Umeambiwa una tatizo gani?"

"Pumu. Pale kliniki ya mtaani wananipa dawa ya kuvuta, lakini naona kama navuta hewa ya bure. Nadhani ni vumbi la vitambaa, maana mimi ni fundi cherehani. Usiku nalalia mito mitatu, wanangu wananicheka, wanasema mama analala amekaa kama abiria." Akajifuta jasho kwa ncha ya khanga. "Moyo lakini hauna neno, namshukuru Mungu. Bingwa mwenyewe kila mwaka ananisikiliza, anasema, nzuri sana hii. Nzuri sana."

Kwanini alifungua mdomo aulize, akaufunga. Kama moyo hauna neno, huyu mama anapandishwa ghorofa tatu kila mwaka kufanya nini kwenye mafunzo ya moyo? Lakini saa ilikuwa inakwenda. Akabeba mkoba wa mama na boksi la jeli, wakapanda ngazi moja moja.

Chumba kilikuwa na viti ishirini na sita vya plastiki, kimoja kwa kila mtarajali. Pembeni, juu ya mkeka, walilala wanasesere wawili wa mpira wasio na miguu, wale wa kujifunzia kukanda kifua cha mtu ambaye moyo wake umesimama. Mbele kulikuwa na kitanda kilichotandikwa karatasi, mashine ya ultrasaundi yenye magurudumu, na skrini kubwa ukutani. Pazia la kumsitiri mgonjwa lilikuwepo pia, ila lilikuwa limekunjwa na kusukumwa kwenye kona, ili watu wa nyuma waone vizuri.

Na Bingwa, haki yake apewe, alikuwa mwalimu hasa. Hospitali nzima walimwita Bingwa bila kuongeza neno, kwa kuwa ndiye daktari bingwa wa moyo pekee waliyekuwa naye. Siku ya kwanza aliwapigisha magoti watarajali wote, akawakandisha wale wanasesere mpaka viganja vikawachubuka. "Usimwonee huruma! Ubavu ukivunjika utaunga, ubongo ukifa haurudi!" Kisha akachukua chaki, akawachorea milima na mabonde ya umeme wa moyo, na mambo ambayo Kwanini alikuwa ameyakariri miaka mitano bila kuyaelewa yakamkaa kichwani kwa asubuhi moja. Alirudi nyumbani kwa shangazi yake akiongea kama redio. "Shangazi, nataka kuwa kama yule mzee." Shangazi akamwambia ale kwanza.

Sasa Bingwa alisimama kando ya kitanda, mkono begani mwa fundi cherehani.

"Huyu tunamwita Mama Ngurumo," alisema. "Ni rafiki wa mafunzo haya. Mnajua wengine hukaa kazini miaka kumi bila kusikia ngurumo ya vali iliyobana? Ninyi mtaisikia leo, tena nzuri kabisa, safi, kama ya kwenye kitabu. Mama, geukia kushoto kidogo. Hapo hapo. Asante."

Mama akageuka, blauzi imefunguliwa yote. Sista mkuu wa wodi ya moyo alimfunika kitambaa. Kitambaa kikateleza, Sista akakirudisha. Daktari wa kwanza akainama na stetoskopu, akakiondoa. Sista akakirudisha. Watu ishirini na sita walipita mmoja mmoja, na kila mmoja alikiondoa.

Zamu ya Kwanini ilipofika, aliweka stetoskopu pale chini ya titi la kushoto kama walivyofundishwa, akafumba macho. Mwanzoni hakusikia kitu. Kisha, kwa chini, katikati ya pigo na pigo, ikaja: mlio mzito, wa taratibu, kama lori linalopita mbali juu ya daraja la mbao.

"Nimeisikia!" alisema kwa sauti, na darasa likacheka. Mama akamtazama akatabasamu, kama mtu aliyetoa zawadi ikapokelewa.

Bingwa akampa Kwanini kile kichwa cha mashine kinachopakwa jeli, akamshika mkono kumwelekeza mpaka moyo ukatokea ukutani, mkubwa, ukifungua na kufunga. Akamwonyesha namna ya kuzungusha alama kwenye ukingo wa vali, ule mlango wa ndani ya moyo, na kupima tundu lake.

"Soma."

"Sentimita za mraba sifuri nukta tisa."

"Na ya mtu mzima asiye na tatizo?"

"Nne mpaka sita."

Mtu wa nyuma akapiga mluzi. Bingwa alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Mwaka juzi ilikuwa moja nukta tatu. Mwaka jana, moja nukta moja. Na angalieni chumba cha juu kushoto kilivyotanuka. Mnaona ugonjwa unavyotembea? Hii ndiyo faida ya kumfuatilia mgonjwa mmoja kwa miaka."

Kwanini alikuwa bado ameshika kile kichwa cha mashine. Aliisikia sauti yake mwenyewe ikiuliza.

"Kwa nini hajapanuliwa hiyo vali?"

"Enhe, Daktari Kwanini!" Kicheko kikapita chumba kizima. Bingwa naye alicheka, bila ubaya wowote. "Hilo ni swali la wodi, binti yangu. Hapa ni darasani. Haya, umeme wa moyo, nani anakuja?"

Mama alikuwa anatazama skrini, anautazama moyo wake ukutani, na katika yote yaliyosemwa hakuelewa hata moja isipokuwa lile neno nzuri.

Wakati wa mapumziko ya mchana wenzake walishuka kwenda kula. Kwanini akashuka kwenda masjala. Karani wa mafaili alichukua dakika ishirini, akarudi na faili la kijani, jembamba kama daftari la mtoto wa chekechea.

"Hili hutoka mara moja kwa mwaka," alisema karani. "Linakwenda juu, linarudi."

Lilikuwa na karatasi nne, ya mwisho ya asubuhi ileile. Kila karatasi ilikuwa na picha ya umeme wa moyo, vipimo vya vali, na chini yake kwa mwandiko mzuri wa kulala: *Ametumika kwa mafunzo. Mfano bora. Aitwe tena mwakani.* Hakukuwa na rufaa, wala dawa ya kupunguza maji, wala ile ya kuzuia damu isigande. Hakukuwa na mstari mmoja unaoonyesha kwamba kuna mtu aliwahi kukaa na huyu mama kumwambia ana nini.

Kwanini alisoma zile karatasi mara mbili. Akamtafuta Sista, akamkuta kwenye chumba cha wauguzi na kikombe cha chai. Akaliweka faili mezani bila salamu.

Sista alivaa miwani. Alisoma taratibu, akageuza karatasi ya mwisho nyuma kuangalia kama kuna kingine.

"Mimi nilijua amepewa rufaa," alisema. "Mwaka wa kwanza nilimuuliza Bingwa, akaniambia iko kwenye mpango. Basi nikaacha." Alivua miwani. "Nimekirudisha kile kitambaa miaka minne, nikajiona mimi ndiye mwenye utu humu ndani."

"Rufaa inasainiwa na nani?"

"Ya moyo? Bingwa. Mwingine hawamkubali."

"Basi atasaini."

"Wewe mtoto," Sista alisema, "una cheti cha kupewa leo saa kumi. Ungesubiri kesho."

"Huyu mama amesubiri kesho ngapi, Sista?"

Saa nane ulianza mtihani wa vitendo. Mama alilazwa tena ubavu wa kushoto, na kila mtarajali alitakiwa kumpima mbele ya wote, kisha amweleze Bingwa alichokisikia. Wanane walipita. Wote walisikia ngurumo, wote walisifiwa. Kwanini alipoitwa alisogea kitandani, lakini stetoskopu aliiacha shingoni. Alivuta kiti akaketi, uso wake ukawa sawa na wa mgonjwa.

"Mama, kuna mtu aliwahi kukuambia moyo wako una nini?"

"Daktari," alisema Bingwa, "mtihani."

"Si mnasema mzuri?" Mama aliinua kichwa. "Au kuna nini?"

"Moyo una milango, mama. Wako mmoja umekakamaa, haufunguki vizuri. Huenda ulipokuwa mtoto uliumwa sana koo na viungo, ukabaki umeumia. Damu inashindwa kupita, inarudi nyuma kwenye mapafu, ndiyo maana unahema. Si pumu, wala si vumbi la vitambaa."

"Daktari, toka hapo!"

"Unatibika?" Mama hakumtazama Bingwa kabisa.

"Unatibika. Hospitali kuu wanapitisha puto dogo kwenye mshipa wa paja mpaka kwenye moyo, wanaupanua mlango. Tangu mwaka wa kwanza ungeweza kwenda."

Mama akajiinua. Alikaa kitako kitandani, karatasi ikapasuka chini yake, na mbele ya watu ishirini na wanane akaanza kufunga vifungo vya blauzi, kimoja kimoja, kuanzia chini. Alipofika cha juu ndipo akamgeukia Bingwa.

"Ulisema nzuri."

"Mama, nilimaanisha mlio. Kitaalamu…"

"Ulisema nzuri. Nikaenda nyumbani nikawaambia wanangu moyo wa mama ni mzuri. Mdogo wangu aliniambia nenda hospitali nyingine, nikamgombeza, nikamwambia mimi napimwa na bingwa wewe unapimwa na nani?" Pumzi ikamwishia. Alisubiri irudi, na chumba kizima kikasubiri naye. "Mimi ni fundi. Mteja akiniletea nguo imechanika, simwambii huu mchaniko mzuri, hebu niwaite mafundi wenzangu wauone, halafu nikamrudishia nguo yake aende, nikamwambia alete tena mwakani uwe umeongezeka. Ningefanya hivyo wangenipiga."

"Kuna orodha, kuna taratibu…"

"Niko namba ngapi kwenye orodha?"

Kwanini akajibu badala ya Bingwa. "Hayumo."

Mama alishuka kitandani. "Basi hakuna mwingine atakayenisikiliza leo. Kifua kimefungwa." Akachukua mkoba wake. Mlangoni akasimama, si kwa madaha, ni kwa kukosa pumzi, na Sista akamshika mkono.

Kwenye korido Bingwa alimfuata Kwanini. Uso wake ulikuwa umejaa damu, lakini sauti aliishusha.

"Umenivua nguo mbele ya wanafunzi wangu."

Kwanini alitaka kumwambia nani aliyevuliwa nguo mbele ya wanafunzi. Akaliuma hilo neno. Alimpa faili na fomu ya rufaa ambayo Sista alikuwa ameshaijaza.

"Wewe unajua nini?" alisema Bingwa. "Wagonjwa mia nne, niko peke yangu. Kila wiki nakataa watu. Madaktari zaidi ya mia wamejifunza kwa yule mama. Leo wako kwenye vituo huko, wanaisikia ile ngurumo kwa wengine, wanawaleta wakiwa bado wazima. Piga hesabu mwenyewe uone ni wangapi wamepona kwa ajili yake."

"Mia wamemsikia, Bingwa. Hata mmoja hakumwandikia barua ya rufaa. Hicho ndicho tunachojifunza hapa."

Bingwa alimpita, akaingia ofisini, akafunga mlango. Fomu ilibaki mikononi mwa Kwanini.

Hakujua Mama alikuwa amewasikia. Alikuwa amekaa kwenye benchi la korido, Sista kando yake anampima shinikizo la damu.

"Nipe mimi hiyo karatasi," Mama alisema. Akaichukua, akahamia kiti kilicho mbele kabisa ya mlango wa ofisi, akaiweka juu ya magoti. "Cherehani haitalia ikiniona sijarudi. Nitakaa."

Akakaa. Watarajali walitoka mtihanini, wakapita mbele yake wakitazama sakafu. Watatu wakarudi, wakasimama ukutani karibu naye, kisha wakaongezeka, wakafika kumi na mmoja. Saa kumi na robo Bingwa alifungua mlango aende kugawa vyeti, akakuta korido imejaa. Mama hakusimama. Alinyoosha fomu tu, na kalamu ya Sista juu yake. Bingwa alisaini akiiegemeza ukutani, kwa ule mwandiko wake mzuri wa kulala, akaandika juu neno *haraka*, akaondoka bila kumtazama mtu.

Kwanini hakupewa cheti. Wiki iliyofuata alipokea barua ya onyo: utovu wa nidhamu mbele ya mgonjwa, na kurudia wiki nane za wodi ya moyo chini ya Bingwa yuleyule. Shangazi aliisoma barua akiwa amesimama jikoni, akairudia, akaipiga meza kwa kiganja.

"Mbele ya mgonjwa? Walitaka ukafanye nyuma ya mgonjwa?" Kisha, kwa kuwa alikuwa shangazi, akaongeza, "Lakini na wewe huo mdomo, mwanangu, uwe unaupumzisha."

Mama alipanuliwa mlango wa moyo baada ya wiki saba. Alipiga simu siku ya tatu. Alikuwa ametembea korido yote ya wodi, kwenda na kurudi, na hakusimama. Kwanini alipiga kelele ya furaha mpaka wagonjwa wakageuka. Ila mama hakuwa amemaliza.

"Wamesema nimechelewa, mwanangu. Kile chumba cha juu kimetanuka sana, hakitarudi. Mapigo yamevurugika. Dawa ya damu nitameza mpaka nife, na kila mwezi nipimwe. Nimeuliza, ningekuja miaka minne nyuma? Daktari akanyamaza. Ninyi mkinyamaza siku hizi najua maana yake."

Hasira ambayo Kwanini alidhani imepoa ikarudi yote. Siku hiyohiyo alimfuata Sista.

"Wako wengine?"

Sista alikuwa akilingoja swali hilo. "Wa mafunzo? Wako watatu. Yule Mama Ngurumo, fundi mwashi mmoja ambaye vali yake inavuja, na mwalimu wa shule ya msingi."

Karani wa masjala safari hii hakuchukua dakika ishirini. Faili la fundi mwashi lilikuwa vilevile: karatasi tano, mfano bora, aitwe tena. Walimpigia, akaja kesho yake na vumbi la saruji kwenye nyusi, Kwanini akamweleza yote akiwa amevaa shati lake. Fomu yake Bingwa aliisaini bila kuambiwa kitu.

Faili la mwalimu halikuwa kwenye rafu moja na mengine. Karani alilitoa chumba cha nyuma, lina karatasi tatu, limefungwa kamba nyeupe. Mwalimu alikuwa ameletwa na mumewe miezi minane nyuma, mapafu yamejaa maji, akafia mapokezi. Alikuwa na miaka thelathini na nne.

Kwanini alikwenda nalo ofisini kwa Bingwa, akabisha hodi, akaliweka juu ya meza. Bingwa aliisoma karatasi ya juu. Alisoma tena. Akavuta kiti taratibu.

"Huyu nilimtafuta mwaka huu," alisema. "Kwa mafunzo. Nilipiga simu mara mbili, haikupatikana. Nikadhani amehama."

"Alishazikwa, Bingwa."

Nje mtu alikuwa anasukuma toroli la dawa, gurudumu moja linalia.

"Ana watoto?"

Kwanini alimtazama yule mzee aliyemfundisha kwa asubuhi moja mambo ya miaka mitano. Hasira ilimrudia, si kwa sababu Bingwa hakujua kitu, bali kwa sababu alijua kila kitu kilichohitajika kumponya yule mwalimu, na alikuwa na miaka mitatu ya kumponya.

"Wawili. Majina yao na anwani ya mumewe viko kwenye jalada, hapo mbele, Bingwa," alisema. "Vilikuwepo tangu siku ya kwanza."

Akatoka, akaacha mlango wazi, akarudi wodini. Kulikuwa na wagonjwa kumi na tisa asubuhi ile, na kwenye kitanda cha kwanza alikuwepo mwanamume aliyekuwa ameanza kuhema tangu alfajiri. Kwanini alivuta pazia mpaka mwisho, akavuta kiti, akamuuliza jina lake.